Nataka kujua kila kitu cha kompyuta, je nichague kimoja niache vingine?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miaka 23 nipo Morogoro, mchana niko steshenari nafanya kazi, jioni nikirudi home nakuwa na mashine zangu. Nina desktopu ya zamani, laptopu moja iliyopasuka kioo, na kadi ya ESP32, kale kakompyuta kadogo ka kuendeshea sensa, niliyoagizia Kariakoo. Nilianza Python ile lugha ya kuandikia programu nikaacha, nikaingia mfumo wa Linux, nikahamia umeme wa vitu vidogo vidogo, sahivi naangalia AI na usalama wa mtandao na redio nazo zinanivuta. Kila nikifungua kitu kimoja nakuta kinataka vingine vitano ndo nikielewe. Mama anasema umeme unaisha na haoni kinachotoka. Je nichague kimoja niachane na vingine, au mtu anaweza kujua vyote?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho kabisa ili tulitoe njiani: vyote hutovijua, hamna anayevijua, hata hao unaowaona wanajibu kila kitu. Donald Knuth wa Stanford, ambaye kwenye hii fani ni mzee wa wazee, alianza 1962 kuandika kitabu kimoja tu cha kueleza jinsi programu zinavyotengenezwa. Kikamkulia mkononi akakigawa juzuu saba, ya kwanza ikatoka 1968, na mpaka leo hajamaliza. Katikati ya safari akachukizwa na jinsi hesabu zake zilivyopangwa kwenye toleo jipya la juzuu ya pili, akaweka kitabu pembeni akaenda kutengeneza programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, ndo hiyo TeX wanayoandikia watu wa hesabu hadi leo, kazi aliyoidhani fupi ikamla miaka kama kumi hivi. Kwahiyo hiyo hali ya kufungua kimoja ukakuta vitano wala sio udhaifu wako, wakubwa nao wanayo. Ila angalia kitu kimoja: Knuth hakuacha kitabu kwasababu ameona kitu kingine kinang'aa, kitabu chenyewe ndo kilimsukuma kule, na alivyomaliza alirudi nacho.

Wewe tatizo lako silioni kwenye wingi wa mambo. Ukisoma ulivyoandika, kote umetaja masomo, Python, Linux, AI, redio, hujataja hata sehemu moja mtu anayetumia kitu ulichotengeneza. Somo halina mwisho wala halimsumbui mtu likilala, ukiacha Python jumanne hamna atakayekupigia simu jumatano. Ndomana unaacha. Mimi ningekuwa wewe nisingechagua somo, ningechagua mtu. Tafuta mtu mmoja hapo nyumbani atakayelalamika siku mashine yako ikizima, alafu acha malalamiko yake yakupangie nini ujifunze kesho.

Na mtu huyo unaye tayari, ni mama.

Kabla sijafika kwa mama nikupe mfano wa jinsi hii njia inavyofanya kazi kwa watu wengine. Linus Torvalds mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki, amenunua kompyuta ya 386, hakukaa chini akasema leo natengeneza mfumo wa kuendesha dunia. Alitaka kuingia kwenye kompyuta ya chuo akiwa chumbani kwake, akaandika kaprogramu ka kuongea na modemu. Kakafanya kazi. Sasa akataka kuhifadhi mafaili aliyoyashusha, ikabidi aandike sehemu ya kuongea na diski, na diski bila mpangilio wa mafaili haina maana, akaandika na hiyo. Kufika tarehe 25 Agosti akawatangazia watu kwamba anatengeneza mfumo wa bure, akasema ni hobi tu haitakuwa kitu kikubwa, na hiyo hobi ndo Linux, kiini cha kila simu ya Android unayoiona pale steshenari. Ukiangalia mpangilio wake hamna kozi yoyote inayofundisha hivyo, modemu alafu diski alafu mafaili, ila kila hatua alikuwa anajua kabisa anaihitaji kwa ajili gani.

Haya turudi Morogoro. Simu ya mama naamini ipo kama za wamama wote, imejaa picha za harusi, video za vikundi vya WhatsApp na picha za wajukuu, na kila wiki inasema nafasi imejaa. Mradi wako wa kwanza ni huo: picha za mama ziingie kwenye mashine yako zenyewe akiwa nyumbani, na aweze kuziona kwenye TV. Basi. Usiongeze kitu mpaka hicho kimekaa.

Mashine ya kutumia ni ile laptopu iliyopasuka kioo, desktopu iache kwanza, na hapa mama yupo sahihi kuliko unavyodhani. Desktopu ya zamani ikiwa imewaka tu haifanyi kitu inaweza kula kama wati 60. Iache masaa 24 kwa siku 30 utapata yuniti 43 na ushee. Kama nyumba yenu ipo kwenye lile daraja la LUKU la bei nafuu, ambalo mwisho ni yuniti 75 kwa mwezi, mashine moja peke yake imeshakula zaidi ya nusu, friji na pasi wagombanie kilichobaki. Laptopu ambayo kioo hakiwaki itacheza kwenye wati 10 mpaka 15, chukulia 12, hiyo ni yuniti 8 au 9 kwa mwezi. Na ina kitu ambacho desktopu haina: betri. Umeme ukikatika haizimi ghafla, na kwa hali zetu hiyo ni faida kubwa kuliko kasi. Betri tu uiangalie, kama imevimba hata kidogo itoe kabisa, usibishane nayo, betri iliyovimba inawaka moto.

Na usiende kununua Raspberry Pi sahivi, ile kompyuta ndogo ya kadi moja. Najua inavutia, ilivyotoka 2012 kule Uingereza ilikuwa dola 35 na kila mtu akapagawa, ila ikifika huku mpaka uiongezee chaja yake, kadi ya memori na kava, umeshavuka thamani ya kitu ambacho tayari unacho bure mezani.

Weka Debian, moja ya aina za Linux, ile ya maandishi matupu, bila madirisha wala maus. Siku ya kuinstoli chomeka waya wa HDMI kwenye TV ya sebuleni maana kioo chako hakionyeshi, baada ya hapo hautahitaji skrini tena, utaingia kwa SSH, njia ya kuiamrisha mashine ukiwa mbali kupitia netiweki, kutoka kwenye desktopu au hata kwenye simu. Kitu cha kwanza kitakachokuchanganya ni hiki, ukifunika laptopu italala usingizi na SSH itakata. Ingia kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf, weka HandleLidSwitch=ignore, iwashe upya. Umeshajifunza kidogo systemd, ile programu inayosimamia huduma zote za Linux, na haukufungua somo la systemd.

Kuhamisha picha tumia Syncthing, programu ya bure ya kufananisha mafaili kati ya vifaa. Kwenye Android tafuta ile inayoitwa Syncthing-Fork maana ile ya asili waliacha kuiendeleza mwaka 2024. Hapa nakuonya mapema kwasababu hili likikukuta mama hatokuamini tena: Syncthing kazi yake ni kufananisha pande mbili. Mama akifuta picha kwenye simu ili apate nafasi, na laptopu nayo itaifuta kwa utiifu mkubwa. Kwenye folda ya upande wa laptopu washa mpangilio wa kupuuza ufutaji, au washa utunzaji wa matoleo ya zamani, na ujaribu kwa picha zako wewe kwanza, futa moja kwenye simu uone kule inabaki au inaondoka. Ukielewa hapo tofauti ya kufananisha na kutunza nakala umepita watu wengi wenye vyeti vya haya mambo. Na nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje isiyochomekwa muda wote, maana mwizi akibeba laptopu na ile diski iliyochomekwa pembeni yake ataibeba hiyohiyo safari.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui, simu na laptopu zikiwa kwenye waifai moja ya nyumbani, picha hazipiti kwa kampuni ya simu kabisa, zinapita kwenye rauta tu. Bando haliguswi. Hata bando likiisha, picha zitahama kama kawaida. Mwambie mama hilo, utaona sura yake inabadilika.

Sasa ngoja uone inavyovunjika, hapa ndo utamu ulipo.

Umeme utakatika, utarudi, na mama atasema ile kitu haifanyi kazi. Ukichunguza utakuta laptopu ilikuwa 192.168.1.7 sasa imekuwa 192.168.1.12, rauta imewasha ikagawa anwani upya. Hapo utalazimika kujua DHCP, ule utaratibu wa kugawa anwani za netiweki, kwamba rauta inakodisha anwani kwa muda na sio kugawa moja kwa moja, na kwamba inavitambua vifaa kwa ile namba ya kadi ya netiweki, biti 48, zinaandikwa kwa jozi sita. Utaingia kwenye rauta utaifungia laptopu anwani moja isiyobadilika. Alafu utajaribu kufanya hivyohivyo kwa simu ya mama ukute namba inayoonekana kwenye rauta sio ile halisi ya simu, maana Android kuanzia toleo la 10 zinabuni namba bandia kwa kila waifai ili mtu asifuatiliwe, na utajikuta umeingia kwenye mambo ya faragha kupitia mlango ambao haukuutafuta. Hii ndo maana yangu ya kusema malalamiko yakupangie. Hizo netiweki ungezisoma kwenye kitabu ungelala sura ya pili.

Siku ingine mama kasafiri yuko Dodoma anataka kumuonyesha shangazi picha, haingii. Utajaribu kufungua milango ya rauta kama video zinavyoelekeza, wapi. Angalia ile anwani rauta yako inayoipata upande wa nje, kama inaanzia 100.64 mpaka 100.127 basi upo nyuma ya anwani ya kampuni ya intaneti, wateja kibao mnashea anwani moja ya nje, hilo fungu lilitengwa maalumu kwa kazi hiyo mwaka 2012 kwasababu anwani za zamani zimeisha duniani. Zingine zinaanzia 10 ila habari ni ileile. Hapo hamna mlango wa kufungua hata ufanyeje. Suluhisho ni nyumba yako ndo itoke nje ikutane na simu kule, utasoma WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya vifaa vyako, au Tailscale ambayo imejengwa juu yake na ni rahisi kuanzia, kwa simu mbili tatu haulipi. Tafadhali usifungue SSH kwa dunia nzima kwa pasiwedi ya jina la mtoto wa dada. Tumia funguo, yale mafaili ya siri yanayokaa badala ya pasiwedi.

Diski nayo itakuja zamu yake. Laptopu za mtumba diski zake zimeshatembea. Instoli smartmontools, programu za kupima afya ya diski, piga smartctl -a kwenye diski yako, tafuta mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Kama ni sifuri uko vizuri kwa sasa, kama namba zinapanda wiki hadi wiki hiyo diski inaaga, hamisha vitu kabla haijaanza kugonga tik tik tik.

Unaona hapo Python bado haijaingia? Itaingia yenyewe. Utataka kila usiku nakala ijifanye, utaandika mistari mitatu ya shell, zile amri za Linux, ukaiweka kwenye cron inayoendesha kazi kwa saa uliyopanga. Alafu utataka ikutumie ujumbe ikishindwa. Alafu utataka ipange picha kwa mwaka na mwezi kwa kusoma tarehe iliyoandikwa ndani ya picha yenyewe, na shell itaanza kukutoa jasho, ndo utaandika hiyo kwa Python, na safari hii hutaiacha maana mama anasubiri picha za 2019.

Kama kuna wadogo zako wanasoma, waongezee Kiwix kwenye hiyohiyo laptopu, ni Wikipedia inayosomeka bila intaneti. Ya Kiingereza nzima na picha zake inakula zaidi ya GB 100, ya Kiswahili ni ndogo sana kwa hiyo, anza nayo, ile kubwa tafuta mtu mwenye faiba akushushie uifuate na diski. Huyo mdogo wako wa fomu tuu ni mteja mkali kuliko mama, ikigoma siku moja kabla ya mtihani utamsikia.

Ushauri wa pembeni, najua utatamani kupeleka haya steshenari, kutunza CV na vyeti vya wateja kwenye seva yako ili wakirudi usiskani tena. Usifanye kimyakimya. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, nakala ya NIDA ya mtu sio ya kuweka kwenye laptopu ya nyumbani kwako bila ridhaa yake.

Tuje kwenye ESP32 maana naona inakuuma. Hii nayo itafutie mlalamikaji. Kama mna simtank, swali la kila asubuhi ni maji yamebaki kiasi gani, na mtu anapanda ngazi kuchungulia. Weka sensa ya sauti juu ya tenki, inatuma mlio usiosikika, mlio unagonga maji unarudi, unapima muda, unazidisha na kasi ya sauti unagawa kwa mbili. Kasi ya sauti kwenye nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde, kwenye joto la nyuzi 30 ni kama 349. Mlio ukichukua milisekunde 5 kwenda na kurudi, kwenye hilo joto maji yapo sentimita 87 chini ya sensa. Ukitumia namba ya baridi utakosea sentimita moja na nusu hivi, kwa tenki haina shida, ila sasa umeshajua kwanini watu wanaweka na kipima joto. Fizikia ya fomu foo imerudi kukutafuta nyumbani.

Vitu viwili hapo. Ile sensa ya macho mawili ya bei rahisi, HC-SR04, inarudisha volti 5 kwenye mguu wa Echo wakati ESP32 inataka 3.3, weka resista mbili, kilo-omu 1 kutoka Echo kwenda kwenye mguu wa ESP32 na kilo-omu 2 kutoka mguu huohuo kwenda graundi, utapata 3.3 na kidogo. Na haipendi mvuke, ndani ya tenki itaota kutu mapema, kama bajeti ipo chukua JSN-SR04T ambayo kichwa chake hakipitishi maji. Cha pili, ukishaona namba za maji zinasoma utatamani iwashe pampu yenyewe. Hapo simama. Volti 230 na maji sio sehemu ya kujifunzia, mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie hiyo swichi, wewe baki upande wa volti 5.

AI sikukatazi ila sikupi kipaumbele. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inaweza kuendesha modeli ndogo ya AI kupitia llama.cpp, programu ya kuendeshea modeli kwenye mashine yako mwenyewe. Hesabu yake ni rahisi: modeli ya vigezo bilioni 3, yaani namba za ndani ilizojifunza, iliyobanwa kwa biti 4, kila kigezo ni nusu baiti, hiyo ni GB 1.5 na za juu kidogo. Itajibu polepole na Kiswahili chake kitakuchekesha. Jaribu wikiendi moja ufurahi, alafu subiri mpaka mtu nyumbani awe na shida ambayo hiyo kitu inaitatua. Redio hivyohivyo, kusikiliza kutakuja, ila kurusha mawimbi bila kibali cha TCRA usithubutu.

Usalama wa mtandao watu wengi wa umri wako wanaanzia mwisho, wanashusha programu za kuvunja pasiwedi za jirani. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 haina kipengele cha nilikuwa najifunza. Wewe una seva yako, una rauta yako, shambulia hizo. Soma nani amejaribu kuingia kwa journalctl, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, muombe rafiki yako akae kwenye waifai yako ajaribu, ziba, ajaribu tena.

Na yale mengine yote yatakayokuvuta usiku wa manane, usiyakatae, yaandike. Daftari la karatasi kabisa, upande mmoja vitu unavyovitamani, upande wa pili kila kitu ulichokibadilisha kwenye mashine na kwanini, kwa Kiswahili chako mwenyewe. Upande wa pili utakuokoa siku laptopu ikifa na unatakiwa kujenga upya. Upande wa kwanza upitie mwisho wa mwezi, utashangaa mangapi hayakutamanishi tena, na yale yanayorudi kila mwezi hayohayo ndo yako kweli, hayo yatafutie mtu wa kuyatumia.

Kwahiyo kuchagua kimoja hapana, sikwambii hivyo. Kimoja kiwe kinatumika, vingine vikae foleni nyuma yake.

Ukiniandikia tena niwekee modeli ya laptopu, RAM ngapi, na yale matokeo ya smartctl yote bila kukata, nikwambie kama hiyo diski inafaa kubeba picha za mama au tutafute SSD, ile diski isiyozunguka, kwanza.